Kitabu kikigeuka filamu: kwa nini mashabiki wa Tomi Adeyemi wana furaha na hofu kwa wakati mmoja

Kampuni ya Paramount ya Marekani imetangaza kwamba filamu ya Children of Blood and Bone, jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema Watoto wa Damu na Mfupa, itaingia kwenye kumbi za sinema Januari 2027. Filamu hiyo inatokana na riwaya ya mwaka 2018 ya Tomi Adeyemi, mwandishi wa Marekani ambaye wazazi wake wanatoka Nigeria. Haki za kuitengeneza zilinunuliwa mara ya kwanza mwaka 2017, kabla hata kitabu hakijafika madukani. Zimepita mikononi mwa kampuni zaidi ya moja, na wasomaji wamesubiri miaka yote hiyo.

Ungetegemea wawe wanashangilia tu. Wengi wanashangilia kweli. Lakini tangu majina ya waigizaji yalipotangazwa mwanzoni mwa 2025, sehemu kubwa ya mazungumzo yao imekuwa malalamiko na maswali. Tutajaribu kueleza wanachogombania, maana si ugomvi wa watu wa mjini wasio na kazi.

Kwanza hadithi yenyewe. Kuna nchi ya kubuni iitwayo Orïsha, yenye miji inayobeba majina tunayoyajua kwenye ramani ya Nigeria, kama Lagos na Ilorin. Zamani baadhi ya watu wake walikuwa na nguvu za ajabu walizopewa na miungu. Mfalme Saran akawaua, nguvu zikatoweka, na watoto wao wakabaki wakitambulika kwa nywele nyeupe, wakidharauliwa na kutozwa kodi za kuwakomoa. Msichana Zélie, ambaye mama yake aliuawa katika mauaji hayo, anakutana na Amari, binti wa mfalme huyohuyo, aliyetoroka ikulu na hati inayoweza kurudisha nguvu hizo. Adeyemi amesema alichota kutoka imani za Wayoruba, na pia kutoka kwenye uchungu wa kuona watu weusi wakiuawa na polisi nchini Marekani.

Kuna jambo litakalomchekesha msikilizaji wetu. Watu hao wenye nguvu, kitabuni wanaitwa "maji". Inaelekea ni sadfa tu, lakini kwa mtu wa kusini mwa Tanzania, ambako mwaka 1905 watu waliingia vitani wakiamini maji ya dawa ya Kinjeketile yatazuia risasi za Wajerumani, neno hilo halipiti hivihivi.

Sura ya kichwani na sura ya kwenye kioo

Kama ulisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert shuleni, unamkumbuka Adili na wale manyani wawili aliolazimika kuwachapa kila usiku. Kitabu hakikukupa picha ya uso wake. Uliutengeneza mwenyewe, na aliyekaa dawati la pili alitengeneza wa kwake. Ninyi wawili mngeweza kuishi miaka hamsini bila kugombana juu ya hilo. Filamu inaondoa uhuru huo. Mwigizaji mmoja akishachaguliwa, huyo ndiye Adili wa watu wote, hata wa watoto watakaosoma kitabu baadaye.

Ndiyo maana lalamiko kubwa dhidi ya filamu hii linahusu nyuso. Nafasi ya Zélie amepewa Thuso Mbedu wa Afrika Kusini, na huyo hajapingwa sana. Moto uliwaka kwa Amari. Nafasi yake amepewa Amandla Stenberg, Mmarekani mwenye mzazi mmoja mweusi na mmoja mzungu, ambaye ngozi yake ni ya maji ya kunde hafifu. Wasomaji wakakumbusha kwamba kitabuni malkia anahangaika na weusi wa binti yake na kutaka aonekane mweupe zaidi. Kwa lugha ya mtaani kwetu, huyu ni mama anayemsukumia mwanawe mkorogo. Sasa, wakauliza, ukimweka msichana ambaye tayari ni mweupe, mateso hayo yanabaki na maana gani?

Adeyemi mwenyewe alijitokeza hadharani kumtetea mwigizaji huyo. Nadhani wasomaji wana hoja yenye nguvu, kwa sababu hapa rangi ya ngozi ni sehemu ya kisa na haiwezi kuhesabiwa kama pambo. Ila waliomshambulia Stenberg binafsi walikosea mlango. Mwigizaji hajiandikii orodha ya waigizaji. Anayechagua ni muongozaji na kampuni inayolipa.

Lalamiko la pili lilitoka Nigeria. Orodha ya kwanza ilijaa majina makubwa: Viola Davis, Idris Elba, Cynthia Erivo, Chiwetel Ejiofor, Damson Idris. Watatu wa mwisho wamezaliwa Uingereza kwa wazazi wa Kinigeria, lakini watu wa Lagos waliuliza iweje hadithi ya Kiyoruba isiwe na mtu anayeishi Nigeria, nchi yenye tasnia kubwa ya filamu kama Nollywood. Baadaye waliongezwa wengine, akiwemo mkongwe Richard Mofe-Damijo na mwanamuziki Ayra Starr. Filamu ilipigwa Afrika Kusini.

Hofu hii inashikana na lugha. Kiyoruba ni lugha ya toni: neno moja likipandishwa au kushushwa sauti linakuwa neno jingine, na kitabuni maneno ya kuita nguvu yameandikwa kwa lugha hiyo. Sisi wa Kiswahili tunajua inavyokuwa. Tangu The Lion King ya mwaka 1994 tumesikia "hakuna matata" ikitamkwa kwa kila namna na watu ambao hawajawahi kuagiza chai kwa Kiswahili. Tulicheka tukaendelea na shughuli zetu. Lakini Myoruba anayesikia jina la mungu wa babu zake likipotoshwa kwenye sala hana sababu ya kucheka.

Nani ana kauli ya mwisho?

Mambo mengi katika mabishano haya yanaishia kwenye karatasi moja, nayo ni mkataba. Mwandishi akiuza haki za filamu, haiuzi riwaya yake. Kitabu kinabaki chake. Anachouza ni ruhusa ya kutengeneza kitu kingine kutokana nacho, na kama mkataba hausemi vinginevyo, mnunuzi anaweza kubadili umri, rangi, mwisho wa hadithi, chochote. Ni kama kumuuzia mtu mbegu. Huwezi kwenda msimu ujao shambani kwake kumwambia apande mistari mingapi.

Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, aliyaonja hayo. Riwaya yake A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968 ina shujaa mwenye ngozi ya kahawia iliyoelekea wekundu, na karibu watu wote wa visiwa vyake si wazungu. Aliamua hivyo makusudi, wakati vitabu vya aina hiyo vilikuwa na mashujaa wazungu tu. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ikaitoa hadithi hiyo na kumpa kijana mzungu nafasi ya shujaa. Mkataba ulimpa Le Guin jina la mshauri, cheo ambacho yeye mwenyewe alieleza kwamba hakina uzito wowote. Alichobaki nacho ni kalamu, akaandika makala kali kuipinga kazi hiyo.

Rick Riordan, aliyeandika vitabu vya Percy Jackson, naye aliandikia watayarishaji kabla filamu ya 2010 haijatoka, akiwaonya kwamba kumfanya mvulana wa miaka 12 kuwa kijana mkubwa kutawaudhi wasomaji. Hawakumsikiliza, na wasomaji waliudhika. Lakini Riordan alipata bahati ya pili. Mfululizo mpya ulipoanza kuonyeshwa kupitia Disney mwishoni mwa 2023, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliouandika na kuusimamia, na Percy akarudi kuwa mtoto wa miaka 12.

Adeyemi yumo ndani ya kazi hii. Ameshiriki kuandika muswada wa filamu pamoja na muongozaji Gina Prince-Bythewood, na ni mmoja wa watayarishaji wakuu. Hilo linawapa mashabiki tumaini, ingawa pia linawachanganya: zamani ungeweza kusema mwandishi amedhulumiwa. Safari hii mabadiliko yakikuchukiza, na sahihi yake ipo.

Kuhusu kukatwa kwa hadithi, hilo halikwepeki, na sidhani linastahili hasira nyingi. Kitabu kina zaidi ya kurasa 500. Peter Jackson alipotengeneza The Lord of the Rings, kati ya 2001 na 2003, alimtupa nje kabisa Tom Bombadil, mhusika anayependwa na wasomaji wa zamani, na bado filamu ya tatu ilizoa tuzo 11 za Oscar. Yeye huyohuyo baadaye akachukua The Hobbit, kitabu kimoja chembamba, akakivuta kuwa filamu tatu, na wengi wakaona uji umezidishwa maji.

Hofu ambayo haisemwi sana ni ya fedha. Black Panther ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. The Woman King ya 2022, iliyoongozwa na Prince-Bythewood huyuhuyu, ikiwa na Viola Davis na Thuso Mbedu, ilionyesha kwamba hadithi ya wanawake wapiganaji wa Dahomey inaweza kujaza viti. Lakini milango hiyo bado ni myembamba. Filamu ya mashujaa wa Kizungu ikianguka, kampuni hulaumu muswada au muongozaji, kisha hutengeneza nyingine. Ya Kiafrika ikianguka, lawama huwa rahisi kuangushiwa bara zima: hadithi za Afrika haziuzi. Nnedi Okorafor, mwenye wazazi wa Kinigeria, aliona mwaka 2017 HBO ikitangaza kuandaa riwaya yake Who Fears Death, inayotokea Sudan ya siku zijazo. Haijafika kwenye runinga. Kwa hiyo baadhi ya wanaolalamika kuhusu Amari watalipia tiketi siku ya kwanza hata hivyo, kwa sababu wanajua viti vitupu vitahesabiwa dhidi ya waandishi wengine.

Na kwetu vijijini? Wachache watakuwa wamekisoma kitabu, na filamu haitatufikia kupitia ukumbi wenye viti vya sponji. Itafika kwa simu, au kwenye kibanda umiza, na huko ina nafasi nzuri ya kupita kwenye mkono mmoja zaidi: mtafsiri. Waliokua wakimsikiliza Lufufu Tanzania au DJ Afro Kenya wanajua kwamba hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanapachika majina, wanaongeza utani, wanamtukana adui kabla hajatenda kosa, na mara nyingine simulizi yao inanoga kuliko filamu yenyewe. Hakuna aliyesaini mkataba nao. Itakapofika sehemu ya Zélie na watu wake wa "maji", atakayeshika maikrofoni atalazimika kuamua papo hapo, watu wakiwa wameshakaa kwenye mabenchi, kama atawaita hivyo hivyo au atawatafutia jina jingine.