Kosa la kendama haliko linapoonekana

Karibu kila mchezo wa mikono unaouzwa kwa wazazi hupigiwa debe kwa ahadi ileile: utamnoa mtoto akili. Kendama, mchezo wa Kijapani wenye mpini wa vikombe vitatu na ncha moja, tufe la mti lenye tundu na uzi unaoviunganisha, nayo haikusalimika. Inasifiwa kwamba inaongeza umakini, inafundisha subira na kukuza ubongo. Nyingi ya sifa hizo zimetiwa chumvi, na chumvi hiyo imeifunika sifa moja ambayo mchezo huu unaistahili kweli, hasa katika mitindo yake ya kusimamisha kitu juu ya kingine. Kendama humlazimisha anayejifunza kutafuta kosa pale lilipoanzia, si pale lilipoonekana. Wahenga walikwisha kutuusia tusiangalie tulipoangukia bali tulipojikwaa. Wosia tunao, ila shughuli zinazompa mtu nafasi ya kuutekeleza mara kadhaa kwa dakika moja ni chache mno.

Michezo ya kudaka tufe lililofungwa uzi ni ya zamani na si mali ya taifa moja. Wafaransa wana bilboquet, iliyopendwa hata katika jumba la Mfalme Henri III katika karne ya 16. Wameksiko wana balero. Kendama kwa umbo lake la sasa ilisanifiwa na Hamaji Egusa wa mji wa Kure, mkoani Hiroshima, akaisajili mwaka 1919, na kuanzia mwaka 1921 ikawa inatengenezwa Hatsukaichi, mji wa mkoa huohuo wenye mafundi wa kukereza mbao. Mwaka 1975 mwandishi wa vitabu vya watoto, Issei Fujiwara, alianzisha Chama cha Kendama cha Japani, kilichoweka vipimo vya chombo chenyewe na mitihani ya madaraja kwa wachezaji. Tangu mwaka 2014 Hatsukaichi imekuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la mchezo huu. Mambo ya vipimo na madaraja yana uzito katika hoja yangu, maana chombo kisichobadilika ndicho kinachomwezesha mtu kujua kwamba kilichobadilika ni yeye.

Chukua mtindo uitwao Mnara wa Taa. Katika mitindo ya kawaida mchezaji hushika mpini na tufe hutundikwa kwenye uzi. Hapa mambo hugeuzwa. Anashika tufe kwa vidole, mpini unaning’inia chini yake, ncha ikiwa juu na kitako chini. Anasubiri utulie kabisa. Anakunja magoti kidogo, kisha anayanyoosha huku akivuta tufe juu moja kwa moja, mpini unapaa kwa mvuto wa uzi, naye analipenyeza tufe chini yake ili kikombe cha kitakoni kitue juu ya tufe. Ukitua sawasawa, mpini husimama wima. Upo pia mtindo wa Uguisu, ambapo tufe huegemezwa kati ya ukingo wa kikombe na ncha bila kuingia popote, na mingine mingi ya jamii hiyo. Yote ina sharti moja: hakuna kikombe cha kulimeza kosa wala ncha ya kulinasa. Kitu husimama au huanguka.

Mtazamaji anapouona mpini ukitua, ukayumba, ukaanguka, hudhani mchezaji ameshindwa kuuzuia. Fizikia inakataa dhana hiyo. Ufagio husimama juu ya kiganja kwa urahisi kuliko penseli, kwa sababu kitu kirefu huanguka polepole na kifupi huanguka haraka. Mpini wa kendama una urefu wa takriban sentimita 16. Fimbo ya kimo hicho ikishaanza kuinama, mwinamo wake huongezeka maradufu katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Binadamu naye huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ili aone jambo na mkono uanze kulijibu. Hapo hakuna mbio za kukimbizana. Kikombe cha kitakoni husaidia kiasi, kwa kuwa ukingo wake hulikalia tufe kwa mduara na kuvumilia mwinamo mdogo, lakini mpini uliotua ukiwa umelala upande, au ukiwa bado unazunguka, ulikwisha kushindwa kabla haujagusa tufe. Kinachoitwa kusawazisha, kwa sehemu kubwa, ni kufikisha kitu kikiwa tayari kimesawazika.

Ndiyo maana jitihada ya kwanza ya kila anayeanza, yaani kuutikisa mkono kwa pupa baada ya mpini kutua, haizai matunda hata akiirudia siku nzima. Dawa iko nyuma zaidi. Mpini ukiangukia upande wa kifuani, mara nyingi tufe lilivutwa kuelekea mwilini badala ya juu. Ukifika ukizunguka, pengine haukuwa umetulia wakati wa kuanza, au kiwiko kilifanya kazi ya magoti. Ukigonga tufe na kuruka, tufe liliusubiri likiwa limekaza badala ya kushuka nao kidogo na kuupokea. Kila namna ya kuanguka ni taarifa kuhusu jambo lililotendeka nusu sekunde iliyotangulia. Anayeisoma taarifa hiyo anasonga mbele; asiyeisoma anarudia tu, na kurudia peke yake si mazoezi.

Hata mahali pa kuelekeza mawazo pana utafiti wake. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu waliokuwa wakijifunza kazi za usawa, mojawapo ikiwa ni kubembea juu ya chombo cha kuigiza mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Waliotakiwa kufikiria magurudumu yaliyo chini ya jukwaa walijifunza vizuri kuliko waliotakiwa kufikiria miguu yao wenyewe. Kwa mchezaji wa kendama, somo ni kuikazia macho ncha ya mpini na njia inayopita, si kukagua vidole vyake. Na kuna jambo jingine linalopingana na hisia zetu. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walilinganisha watu waliofanya zoezi moja hadi likaisha kabla ya kuanza jingine na wale waliochanganyiwa mazoezi. Waliochanganyiwa walionekana dhaifu wakati wa kujifunza, lakini walipopimwa baadaye, hata baada ya siku 10, walikuwa wamehifadhi zaidi. Kumbe kufanya vizuri kwa sasa na kujifunza ni mambo mawili, na macho huliona lile la kwanza tu.

Wapo watakaosema kwamba ninaubana mchezo huu, maana sayansi imethibitisha kuwa unakuza ubongo. Utafiti unaotajwa sana katika jamii hii ya michezo ni ule wa Bogdan Draganski na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Nature. Watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi 3 walionyesha ongezeko la tishu katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kuona mwendo. Ni matokeo ya kuvutia, lakini tuyasome hadi mwisho: walipoacha mazoezi kwa miezi mingine 3, ongezeko lilipungua. Isitoshe, ubongo uliobadilika kwa ajili ya kudaka mipira haujawa kwa hiyo hodari wa hesabu. Tangu mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha kwamba ujuzi uliojengwa katika kazi moja huvuka kwenda kazi nyingine kwa kiasi kidogo, na hasa pale kazi zenyewe zinapofanana. Mzazi anayenunua kendama akitarajia alama za mtihani zipande atauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapo mpinzani makini ana haki ya kunigeukia: ikiwa ujuzi hauvuki kirahisi, kwa nini tabia ya kutafuta chanzo cha kosa ivuke? Jibu langu ni kwamba haivuki yenyewe. Kijana anaweza kuwa bingwa wa Mnara wa Taa na bado, akikosea hesabu, akafuta jibu la mwisho bila kurudi kwenye mstari alioteleza. Kendama inatoa mahali pa kulizoea swali. Kulibeba swali hadi kwenye daftari, jikoni au karakana ni kazi ya mtu mzima aliye karibu. Lakini mahali penyewe si jambo dogo. Darasani kosa huchukua siku kadhaa kurudi na alama nyekundu, wakati hatua zilizolizaa zimeshasahaulika. Katika kendama hurudi papo hapo, chanzo chake kingali kwenye kumbukumbu ya mkono, na halimgharimu mtu chochote.

Pingamizi la mwisho ni la huruma: kushindwa mara nyingi hivyo kutamvunja moyo mtoto. Kunaweza, akipewa mtindo mgumu siku ya kwanza na kuonyeshwa video za mabingwa zilizokatwa majaribio yote yaliyoharibika. Chama cha Kendama cha Japani kimelitatua tatizo hilo kwa busara katika mitihani yake. Daraja la chini kabisa, la 10, humtaka mtahiniwa kulipokea tufe kwenye kikombe kikubwa mara 1 tu katika majaribio 10. Kukosa kumewekwa ndani ya kipimo tangu mwanzo, hakuhesabiwi kuwa aibu. Mnara wa Taa huja baadaye, mkono ukiwa umeshazoea kupokea. Mpangilio huo unalinda moyo bila kudanganya kuhusu ugumu wa kazi.

Basi ushauri wangu kwa shule, vituo vya vijana na wazazi ni mwepisi kuutekeleza. Mtoto anapoangusha, asiambiwe “jaribu tena” na kuachwa hapo. Aulizwe mpini umeangukia upande gani, kilichousukuma huko kilianza lini, na safari hii atabadilisha jambo lipi moja. Jaribio linalofuata litamjibu kama alikisia sawa. Asiye na nafasi ya kuuliza hayo anaweza kumnunulia mtoto kendama kwa burudani tu, na burudani haihitaji kutetewa. Ila asidai kwamba amemfundisha subira, umakini wala hekima: amempa kifaa, na bado hajamfundisha kukitumia.