Kondomu na ile 'asilimia 20': namba tunaisoma vibaya

Kaa kijiweni pale Stendi Kuu Arusha, au Ngaramtoni siku ya soko. Mada ya kondomu ikiibuka, hukosi mtu wa kusema: "Hizo zinapitisha, asilimia 20 inapenya." Namba hiyo ina chanzo chake. Shida ni inavyosomwa.

Mwaka 2002 mtandao wa Cochrane ulichapisha uchambuzi wa tafiti za wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana. Kwa wasiotumia kondomu kabisa, karibu watu 6 kati ya 100 waliambukizwa kwa mwaka. Kwa waliosema wanatumia kila mara, kama mtu 1. Hilo ndilo punguzo la asilimia 80. Haimaanishi ukivaa una nafasi 20 kati ya 100 za kuambukizwa. Na hiyo "kila mara" ni maneno ya mhusika mwenyewe (nani atamwambia mtafiti kwamba Jumamosi ile aliisahau mfukoni?).

VVU haipenyi kwenye mpira mzima. Kinachoharibu ni matumizi. Kondomu inakaa miezi kwenye waleti au inapigwa na jua kwenye dashibodi ya Noah. Mtu anapaka Vaseline au mafuta ya nazi, ambayo yanadhoofisha mpira. Wengine wanavaa mbili, zinasuguana na kupasuka. Wengine wanavaa mambo yakiwa tayari katikati.

Ila na wahamasishaji wasizidishe chumvi. Kwa VVU, kisonono na klamidia, yanayopita kwenye majimaji, kinga ni nzuri sana. Kaswende, malengelenge ya sehemu za siri na HPV huambukiza hata kwa ngozi kugusana, kwa hiyo kondomu inapunguza tu hatari. Ndiyo maana chanjo ya HPV, inayotolewa kwa wasichana nchi nzima tangu 2018, bado ni muhimu hata kwa binti ambaye baadaye atatumia kondomu.

Halafu kuna P2. Vijana wengi hofu yao ni mimba. Wakishaimeza wanaona wamemaliza. P2 haizuii ugonjwa wowote.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikadiria maambukizi mapya ya VVU 60,000 kwa mwaka kwa watu wazima nchini. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na sehemu kubwa ya huduma za VVU Tanzania zilikuwa zinaitegemea. Arusha ina watalii, malori ya Namanga, wachimbaji wanaoshuka kutoka Mererani, na AFCON 2027 inakuja na uwanja wa watu 30,000 Olmoti. Tunasikia sana habari za hoteli na barabara. Madiwani watuambie pia: kondomu za bure kwenye vituo vya afya na gesti za jiji zitalipiwa kwa fungu gani?