"Tulikosea kuandika bei" isiwe kichaka cha wauza magari

Umeona gari kwenye simu, dirhamu 39,000. Umeomba ruhusa kazini, umepanda teksi kutoka Dubai mpaka yadi ya Sharjah, gari umelikagua na umeridhika. Unapotaka kulipa unaambiwa bei ni 45,000, kwenye tangazo walikosea kuandika. Je, unaweza kumlazimisha akuuzie kwa 39,000?

Wengi wetu tutasema: kaandika mwenyewe, auze! Sheria haiendi hivyo moja kwa moja. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Falme za Kiarabu ya mwaka 1985 ilitofautisha mambo mawili. Bidhaa iliyowekwa mbele ya mteja na bei yake ilihesabiwa kuwa ni ijabu. Tangazo la jumla, pakiwa na shaka, lilikuwa ni mwaliko tu wa kuja kuzungumza. Kwa lugha ya nyumbani, kukaribishwa mlangoni siko kupewa mke.

Na kuna haki ndani yake. Gari la 45,000 likiandikwa 4,500, kila mwenye akili anaona kuwa sifuri imedondoka. Kumng'ang'ania mtu kwa kosa kama hilo ni dhulma, na hata sisi tusingependa kufanyiwa siku tunapouza gari zetu.

Lakini 39,000 si sifuri iliyodondoka. Ni bei ya kuaminika, na ndiyo iliyokutoa nyumbani. Basi litazame tangazo lenyewe baada ya siku mbili tatu. Mkweli atakuwa amelirekebisha siku ile ile. Likiwa bado liko pale pale na bei ile ile, hicho ni chambo. Sheria ya kumlinda mlaji ya Falme za Kiarabu, Na. 15 ya 2020, inakataza matangazo ya kupotosha. Oman nao wana yao, Amri ya Kifalme Na. 66 ya 2014.

Upo pia mchezo wa kodi. Bei inatangazwa bila VAT ya asilimia 5, unakuja kuambiwa mezani. Kwa gari la 39,000, hiyo ni 1,950 zaidi. Falme za Kiarabu, bei anayotangaziwa mlaji inatakiwa iwe na kodi ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, piga picha ya skrini inayoonyesha bei na tarehe. Muulize muuzaji kwa maandishi, WhatsApp yatosha: hii ndiyo bei ya mwisho, pamoja na kodi na ada zote? Arubuni usiitoe mpaka risiti iandikwe bei kamili na namba ya chesisi. Mkishasaini kwa bei hiyo, hoja ya "tulikosea" itakuwa nzito kwake kuibeba. Akigeuka kabla ya hapo, dai arubuni yako yote, asikukate hata dirhamu moja.

Akikataa, peleka malalamiko. Dubai ipo idara ya kulinda walaji, na Oman ipo mamlaka yake tangu 2011. Mkaazi naye anasikilizwa, si raia peke yake. Tatizo letu ni ule msemo wa "mimi mgeni hapa, nisitafute maneno." Yadi ikishajua kuwa wageni hawasemi, itaendelea "kukosea" kila wiki, na ajabu yake haikosei hata siku moja kwa kumpunguzia mteja.