Senti Zilizo Juu ya Bei Ni za Nani?

Huenda, msomaji, una ndugu au mwana kule Marekani anayeuza vyondo, vinyago au nguo za kitenge kwa njia ya intaneti. Basi akipiga simu mwulize: ule ushuru anaomtoza mnunuzi juu ya bei, je, anauhesabu kuwa faida? Akijibu ndiyo, mpe pole, maana anakula mali ya serikali.

Ushuru wa mauzo humwangukia mnunuzi. Mwuzaji ni mkusanyaji tu. Bidhaa ya dola 50 katika jimbo linalotoza asilimia 6 hulipiwa dola 53, na zile dola 3 si zake hata zikikaa mfukoni mwake mwezi mzima.

Ushuru huu ulizaliwa na dhiki. Uchumi wa dunia ulipoporomoka, watu walishindwa kulipia ushuru mashamba na nyumba zao, na hazina za majimbo zikakauka. Mwaka wa 1932 jimbo la Mississippi likaanza kutoza asilimia 2 ya mauzo, na mengine yakafuata. Leo majimbo 45 hutoza, na fedha hizo husaidia kuendesha shule na huduma nyingine za umma.

Ugomvi ulianzia kwa wauzaji wa mbali. Mwaka wa 1967, na tena 1992, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa jimbo haliwezi kumlazimisha mwuzaji kukusanya ushuru ikiwa hana duka wala mfanyakazi humo. Mnunuzi ndiye aliyetakiwa kujipeleka mwenyewe kulipa. Nani, msomaji, angefanya hivyo? Wachache mno! Mwenye duka mjini akabaki akitazama wateja wakijaribu viatu kwake, kisha wakienda kuviagiza kwingine bila ushuru.

South Dakota iliumia zaidi kwa kuwa haitozi ushuru wa mishahara. Ilipitisha sheria mwaka wa 2016, ikashtakiana na kampuni ya Wayfair inayouza fanicha, na tarehe 21 Juni, 2018, ikashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Tangu hapo aliye mbali naye hukusanya, mradi mauzo yake katika jimbo yamefikia kiwango fulani. South Dakota ilikiweka dola 100,000 kwa mwaka. California ni 500,000.

Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa mwenye duka, ingawa ulimtwika mwuzaji mdogo hesabu za kuumiza kichwa, kwani viwango hutofautiana hata kati ya mji na mji. Anayeuza kupitia Amazon ana nafuu, maana kampuni hiyo hukusanya na kulipa kwa niaba yake. Mwenye duka lake mwenyewe la mtandaoni hubeba wajibu huo mwenyewe.

Asidhani pia kuwa mambo ni kama ya hapa Kenya. Sisi tulikuwa na ushuru wa mauzo tangu 1973, ukaondolewa 1990 ilipoingia VAT, ambayo hutozwa katika kila hatua, kuanzia kiwandani hadi dukani. Ule wa Marekani hutozwa mara moja, kwa mnunuzi wa mwisho.

Basi huyo ndugu yako afungue akaunti ya pili benki, na kila jioni ahamishie huko zile dola 3.