Ajali haina kinga, abiria anayo

Hakuna methali inayotajwa matangani humu nchini kama ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Huitamka mchungaji, huirudia chifu, na mwenye matatu iliyopinduka huinamisha kichwa akaafiki. Mimi kazi yangu ni isimu, na kwa miaka mingi methali hii nimeisikiliza kwa sikio la mtu wa lugha tu. Siku hizi naisikiliza kwa hofu.

Neno ajali tulilipata kutoka Kiarabu. Huko asili yake ni muda uliowekwa, hasa ule ukomo wa uhai wa mja ambao Mola peke yake ndiye aujuaye. Sisi tulilipokea tukalitandaza juu ya kila gari linaloacha njia na kugonga mti. Kwa hivyo tusemapo fulani kafa kwa ajali, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi: siku yake ilikuwa imefika. Dereva, mwenye gari, mkaguzi, na hata marehemu mwenyewe, wote huachiliwa huru na nomino moja. Waingereza nao wamesumbuliwa na jambo kama hili, maana mwaka 2001 jarida la madaktari la BMJ lilipiga marufuku neno lao lenye maana ya ajali katika kurasa zake, likitoa hoja kwamba majeraha mengi na visa vinavyoyaleta hutabirika na huzuilika.

Sipendekezi neno letu lifutwe. Lugha haiendeshwi kwa amri, na atakayejaribu atachekwa. Ninachotaka ni tukio lenyewe tuligawe mara mbili, kama walivyoligawa wahandisi wanaogongesha magari makusudi.

Naam, wapo watu ambao kazi yao ni kugongesha magari. Gari jipya kabisa huvutwa kwa kebo ndani ya jengo hadi likajipigize kwenye kizuizi. Katika mpango wa Ulaya uitwao Euro NCAP, ulioanza kutoa matokeo mwaka 1997, jaribio lililotumika kwa miaka mingi lilikuwa la mwendo wa kilomita 64 kwa saa, gari likigonga kizuizi kinachobonyea kwa asilimia 40 tu ya upana wake, upande wa dereva. Ndani huketishwa sanamu zenye mbavu za chuma, shingo inayopinda na vipimo vya umeme kichwani, kifuani na mapajani. Iliyo maarufu zaidi huitwa Hybrid III, nayo ilibuniwa na kampuni ya General Motors katika miaka ya 1970.

Picha za majaribio hayo zikitazamwa polepole, huonekana jambo ambalo jicho la mpita njia haliwezi kulinasa. Migongano ni miwili. Kwanza gari hugonga kizuizi, na bati lake la mbele hukunjamana na kuila nguvu ya kishindo. Wakati huo aliyeketi ndani bado hajagonga chochote. Anaendelea na safari yake kwa kasi ile ile, kana kwamba hajapata habari kuwa gari linasimama. Kisha naye hugonga: usukani, kioo, kiti cha mbele, au kisogo cha jirani yake. Mambo hayo yote huisha kwa muda mfupi kuliko ule unaotumika kulitamka neno ajali.

Ule mgongano wa kwanza nakubali uitwe ajali. Breki hukatika, ng'ombe huingia barabarani, dereva wa lori husinzia. Lakini huo wa pili una kinga, na kinga yenyewe ni utepe wenye upana wa inchi mbili.

Utepe huo una historia ambayo laiti ingefundishwa shuleni. Desemba 10, 1954, daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alijifunga kwa mikanda kwenye kigari cha roketi kilichokimbia juu ya reli jangwani New Mexico. Kilifikia kasi ya kilomita zaidi ya 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa muda usiozidi sekunde moja na nusu. Macho yake yalijaa damu, akapoteza uwezo wa kuona kwa muda, lakini alipona. Hapo ilidhihirika kwamba mwili wa binadamu unaweza kustahimili kishindo kikubwa kuliko ilivyodhaniwa, mradi umeshikwa barabara. Stapp alikuwa ametambua jambo jingine la kushangaza, kwamba marubani wa jeshi walikuwa wakifa kwa magari kuliko kwa ndege. Akatumia umaarufu wake kuwasukuma watengenezaji wa magari watie mishipi.

Miaka mitano baadaye, huko Uswidi, mhandisi Nils Bohlin, ambaye awali alikuwa akiunda viti vya kumrusha rubani nje ya ndege, aliitengenezea kampuni ya Volvo mshipi wenye ncha tatu: utepe mmoja unaopita begani, ukavuka kifua na kukumbatia nyonga. Mshipi wa tumboni pekee uliwahi kuwepo, lakini uliacha kifua na kichwa vikirushwa mbele. Wa Bohlin uliutua uzito wa mwili mahali penye mifupa imara, na mtu aliweza kuufunga kwa mkono mmoja. Volvo iliiachia dunia hataza yake bila kudai malipo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kufunga mshipi kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa wanaosafiri ndani ya gari kwa hadi asilimia 50. Sijui dawa nyingine ya bei hiyo.

Kuna msomaji atakayesema yeye ana mikono na atajishikilia. Na tupige hesabu ya kidato cha pili. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80, ambazo ndizo ukomo wa kisheria wa matatu, urefu huo ni kama mita 25. Nani asimame kwenye paa la jengo hilo aahidi kuidaka nafsi yake kwa viganja? Mama aliyempakata mtoto wa kilo 10, gari linaposimama ghafla kutoka kilomita 50, huhitaji kumshika kama anayeshika mzigo wa zaidi ya kilo 100. Mapenzi ya mama hayana kifani, lakini misuli ya mikono ina kiwango.

Wenye magari ya kibinafsi nao wasijione wamesalimika kwa sababu gari lao lina nyota tano. Nyota hizo hutolewa kwa gari ambalo sanamu zake zimefungwa mishipi. Asiyefunga hana nyota hata moja. Hata ile mifuko ya hewa inayofumuka kutoka kwenye usukani ina herufi SRS juu yake, na herufi ya kwanza husimamia neno lenye maana ya kitu cha nyongeza. Nyongeza ya nini? Ya mshipi. Aidha, tukumbuke kwamba nyota si za kila gari: Global NCAP ilipoanza mwaka 2017 kuyajaribu magari yanayouzwa Afrika, lipo lililoambulia sufuri.

Sheria tunayo. Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa ilani nambari 161 ya mwaka 2003, na kuanzia Februari 1, 2004 kila matatu ilipaswa kuwa na mishipi pamoja na kidhibiti mwendo. Novemba 2018 msako ulipofufuliwa, matatu zikaadimika barabarani, watu wakatembea kwa miguu. Kanuni za mwaka 2016 zinamtoza abiria asiyefunga Sh500, na mwenye gari Sh1,000 kwa kila kiti kisicho na mshipi. Kwenye karatasi hatuna upungufu.

Mwezi uliopita nilipanda matatu ya abiria 14 kutoka Nairobi kwenda Nakuru. Tulipokaribia Gilgil, utingo aligeuka akatuambia, "Wazee na akina mama, fungeni mishipi, kuna karao hapo mbele." Pakawa na mchakacho wa tepe ndani ya gari zima, kama darasa linalofungua vitabu mwalimu anapoingia. Mimi nilivuta wangu, mweusi kwa vumbi, nikatafuta pa kuuchomeka. Kifungio kilikuwapo, lakini ulimi haukukamata. Niliuingiza mara tatu, ukatoka mara tatu. Kijana yule akaniinamia kwa upole na adabu, "Mzee, hiyo weka tu juu ya mapaja. Wakiangalia wataona umefunga."

Nikaiweka. Nakiri kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi, nikiwa na shati jeupe na mhadhara mbele yangu, nimekuwa nikiushikilia utepe ule kwa vidole viwili ili usinichafue, kisha nikiuachilia mara tupitapo kizuizi. Afisa alichungulia dirishani, akaona tepe 14 juu ya mapaja 14, akagonga bati kwa kiganja, tukaondoka. Hatukuwa tumekwenda nusu kilomita kabla ya zote kurudi zilikotoka.

Mhandisi wa maabara asingeruhusu sanamu yake isafiri hivyo. Kabla ya kila jaribio huhakikisha kwamba mshipi wa sanamu umekaa inavyopasa, kwa sababu kipimo chote kitaharibika ukiachwa umelegea. Sisi tumeridhika na mshipi wa kutazamwa. Mwenye gari huununua kwa ajili ya mkaguzi, utingo huutangaza kwa ajili ya polisi, abiria huufunga kwa ajili ya faini, na hakuna hata mmoja kati yao anayeukumbuka ule mgongano wa pili.

Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, tayari huyakagua magari ya abiria kila mwaka. Basi mkaguzi aingie ndani, akae katika kila kiti, auchomeke ulimi katika kifungio chake na auvute kwa ghafla. Usiposhika, gari lisipewe cheti. Afisa wa barabarani naye, badala ya kuhesabu tepe kupitia dirishani, achague viti viwili na kuvivutia mishipi vivyo hivyo. Kwa gari la watu 14, kazi hiyo haimalizi dakika tano.