Msitu Una Wenyewe: Somo Kutoka Daintree

Kaskazini mwa jimbo la Queensland, nchini Australia, kipo kimji kidogo kiitwacho Daintree, kilichozungukwa na msitu wa mvua na ardhi ya hifadhi. Jina hilo limetokana na Richard Daintree, mwanajiolojia wa karne ya 19. Wakata mbao waliufuata msitu huo kwa ajili ya mierezi myekundu. Lakini karne nyingi kabla yao, Wakuku Yalanji wa Mashariki walikuwa wakiishi humo, na kila mto na kilima ulikuwa na jina lake.

Mwishoni mwa mwaka 1983 wanaharakati waliyazuia kwa miili yao matingatinga yaliyokuwa yakichonga barabara ya Bloomfield. Mwaka 1988 UNESCO iliuingiza msitu huo katika orodha ya Urithi wa Dunia, licha ya serikali ya jimbo kupinga kwa hoja ya ajira za wakata mbao. Nauheshimu ujasiri ule. Hata hivyo, katika hoja zilizovuma, upande mmoja uliona mbao na mwingine ukaona viumbe adimu. Mwenye msitu hakuonekana sana. Uamuzi wa 1988 ulizingatia vigezo vya maumbile peke yake. Thamani ya kitamaduni ya wenyeji ilikuja kutambuliwa katika Orodha ya Urithi wa Taifa mwaka 2012, yaani baada ya miaka 24.

Septemba 2021, zaidi ya hekta 160,000, ikiwamo Hifadhi ya Taifa ya Daintree, zilirejeshwa kwa Wakuku Yalanji wa Mashariki, kwa makubaliano ya kuzisimamia pamoja na serikali ya Queensland.

Wapo wanaosema kwamba hiyo ni ishara tu. Sikubaliani nao. Hati ya umiliki hugeuza mizani: aliyekuwa akiomba ruhusa sasa ndiye anayeombwa. Lakini pia sishangilii bila masharti. Usimamizi wa pamoja waweza kuwa jina jipya la mazoea ya kale, iwapo bajeti inapangwa mbali na mwenyeji anaitwa kutia saini tu. Tuupime kwa maswali mepesi: nani anaajiriwa kuwa askari wa hifadhi? Nani anaamua njia ipi ifungwe? Fedha za watalii zinaishia wapi?

Ngorongoro nayo imo katika orodha hiyohiyo ya UNESCO tangu 1979, na mjadala wa wafugaji na uhifadhi haujatulia. Historia zetu hazifanani, wala sidai tunakili sheria ya wengine. Nasema tu kwamba ile kauli inayorudiwa maofisini, kuwa umiliki wa wenyeji na uhifadhi haviwezi kukaa pamoja, imekosa mashiko. Daintree ingali hifadhi ya taifa, na ina wenyewe. Mtumishi wa umma atakayeandaa waraka mwingine juu ya ardhi ya hifadhi aanze na swali hilo: wenyewe ni nani, na wameulizwa?