Mjamzito Mwenye Ugonjwa wa Ini Asiache Dawa

Mwili una askari wake wa kupigana na wadudu wa magonjwa. Mara nyingine askari hao hukosea. Huliona ini kuwa ni adui, wakalishambulia.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Hauambukizi. Hautokani na kulogwa. Mgonjwa huchoka sana, viungo humwuma na mwili humwasha. Macho huweza kuwa ya manjano, na mkojo kuwa kama chai ya rangi. Wengine hawana dalili yoyote mpaka wapimwe damu.

Ugonjwa hutulizwa kwa dawa, hasa prednisoloni na azathioprini. Dawa hizi humezwa kwa miaka mingi.

Mwanamke huyu akipata mimba, watu humwambia: "Tupa vidonge hivyo, vitamdhuru mtoto." Mimi nasema ushauri huo ni wa hatari. Kwa kawaida madaktari huendelea kumpa dawa hizo mbili wakati wa mimba na wa kunyonyesha. Akiziacha, ugonjwa unaweza kuamka kwa nguvu. Mama ataumia, na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati.

Lakini si kila dawa inafaa. Mikofenoleti, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa, huweza kumlemaza mtoto tumboni. Kwa hiyo mama aonane na daktari kabla ya kushika mimba. Ni vema ugonjwa uwe umetulia kwa mwaka 1 hivi.

Jambo jingine tunalolisahau ni miezi ya baada ya kujifungua. Hapo ndipo ugonjwa huamka mara nyingi. Nyumba nzima humtazama mtoto. Mama akisema amechoka, huambiwa ni uchovu wa uzazi. Hiyo si haki. Aendelee kupimwa damu kwa miezi 6 ya kwanza.

Baba, weka akiba ya nauli ya hospitali. Mama mkwe, usimpe dawa za mizizi. Baadhi yake huumiza ini. Na mjamzito yeyote mwenye macho ya manjano apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hajawahi kuugua ini.

Wanawake wengi wenye ugonjwa huu huzaa watoto wazima. Tusiwanyime nafasi hiyo kwa maneno ya barazani. Mwenye kubadili dawa ni daktari, si jirani.